Wiki ya Utamaduni na Saa za Darasa: Uchambuzi wa Kisa cha Idara Moja ya Lugha za Kigeni

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika idara ya lugha za kigeni ya chuo kikuu kimoja cha umma. Majina ya chuo, walimu, wanafunzi na wafadhili yameondolewa, na mambo madogo ambayo yangeweza kuitambulisha idara yamebadilishwa bila kugusa mwenendo wa matukio. Mwandishi alikifahamu kisa akiwa mtahini wa nje wa idara hiyo, na kwa hiyo aliona kazi za wanafunzi kabla na baada ya mabadiliko yanayoelezwa.

Usuli

Idara ilifundisha lugha nne: Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina. Kifaransa peke yake ndicho kilichokuwa na programu kamili ya shahada. Nyingine tatu zilifundishwa kama kozi za hiari kwa wanafunzi wa vitivo vingine, na zote nne zilikuwa na madarasa ya jioni kwa watu wa nje waliolipa ada. Kozi ya hiari ilikuwa na saa nne kwa wiki kwa muda wa wiki 14, yaani saa 56 kwa muhula, na aliyeifuata kwa mihula minne alimaliza akiwa amekaa darasani saa 224. Kijitabu cha kozi kiliahidi kwamba mwisho wa mihula hiyo mwanafunzi angefikia B1, kiwango cha mtu anayeweza kujieleza mwenyewe katika mambo ya kawaida, katika mfumo wa viwango uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ule wenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Ahadi hiyo ilikuwa moja kwa lugha zote nne.

Hapo palikuwa na kasoro ambayo walimu waliijua lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitamka kikaoni. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha hukadiria wiki 30 za masomo ya kutwa kwa Kifaransa, 36 kwa Kijerumani, na 88, sawa na saa zipatazo 2,200, kwa Kiarabu na Kichina, ili mtu aweze kuifanyia kazi lugha hiyo. Makadirio hayo yanawahusu watu wazima wanaozungumza Kiingereza na wanaosoma katika madarasa madogo, na kiwango wanacholenga ni cha juu kuliko B1, kwa hiyo hayahamishiki kama yalivyo. Hata hivyo tofauti ya karibu mara tatu kati ya lugha moja na nyingine inatosha kuonyesha kwamba saa 224, ambazo zilikuwa finyu kwa Kifaransa, zilikuwa ndoto kwa Kichina. Kwa idara yenye muda mdogo kiasi hicho, kila saa inayong'olewa kwenye ratiba huacha pengo.

Shughuli za utamaduni zilianza kwa udogo. Sehemu ya Kifaransa iliadhimisha tarehe 20 Machi, Siku ya Kimataifa ya Francophonie, yaani jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa, inayokumbuka mkataba uliotiwa saini Niamey mwaka 1970, kwa alasiri moja ya mashairi na nyimbo. Sehemu nyingine nazo zikataka siku zao. Siku ya Kiarabu ya Umoja wa Mataifa huangukia 18 Desemba, wakati chuo kimefungwa. Ya Kichina ni 20 Aprili, wakati wanafunzi wamezama katika maandalizi ya mitihani. Kijerumani hakina siku katika orodha hiyo kwa kuwa si lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa. Suluhisho likawa kuzikusanya zote katika wiki moja, wiki ya tisa ya muhula wa pili, na kuiita Wiki ya Utamaduni.

Ndani ya miaka michache wiki hiyo ikawa sura ya idara mbele ya chuo. Vitengo vya utamaduni vya balozi vilileta vitabu na zawadi, uongozi wa chuo ulipiga picha na wageni, na idadi ya waliojiandikisha katika ngazi ya kwanza ilipanda kila mara baada ya maonyesho. Jambo ambalo halikupanda, na ambalo hakuna aliyelihusisha na wiki hiyo, ni idadi ya waliobaki hadi ngazi ya tatu.

Mwenendo wa matukio

Dalili ya kwanza ilitoka kwenye mitihani ya kuzungumza. Wanafunzi wa mwaka wa pili walijieleza vizuri katika sehemu ya kwanza ya mtihani, ambapo mtahiniwa huzungumza juu ya mada aliyoiandaa. Mtahini alipouliza swali lisilokuwamo katika maandalizi, wengi walinyamaza au walirudia sentensi waliyokwisha kuisema. Taarifa ya mtahini wa nje ililitaja jambo hilo kwa miaka miwili mfululizo, na mara zote mbili idara ilijibu kwamba madarasa yalikuwa makubwa mno. Jibu hilo lilikuwa la kweli, kwani darasa la watu 45 haliwezi kumpa kila mmoja nafasi ya kuzungumza, lakini halikueleza kwa nini darasa la Kijerumani, lililokuwa dogo kuliko yote, lilikuwa na tatizo lile lile.

Mambo yaligeuka siku ya kilele cha maonyesho, kwenye meza ya Kijerumani. Mwanafunzi mmoja alikuwa akieleza bango kuhusu mfumo wa mafunzo ya ufundi wa Ujerumani, ambao kijana hugawa wiki yake kati ya chuo cha ufundi na kampuni. Alizungumza kwa ufasaha uliowafanya waliosimama pale wapige makofi. Mgeni mmoja, mzungumzaji wa Kijerumani, alimuuliza kwa upole kama yeye mwenyewe angependa kusoma kwa mtindo huo. Mwanafunzi alitabasamu, akatazama bango, kisha akaanza tena maelezo yake tangu sentensi ya kwanza. Mgeni alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akaenda meza nyingine. Mkuu wa idara alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo.

Wiki iliyofuata aliomba madaftari ya mahudhurio na maazimio ya kazi ya walimu wote, akahesabu. Tangu wiki ya sita, vipindi vingi vilikuwa vimegeuka kuwa mazoezi ya maonyesho, na katika madarasa kadhaa saa 12 kati ya 56 zilikuwa zimetumika hivyo, zaidi ya moja ya tano ya muhula. Jambo la pili lilikuwa zito kuliko hilo. Wale waliosimama jukwaani walikuwa wanafunzi hodari walio wachache. Waliobaki walipanga viti, walibandika mabango, au walikaa nyuma na simu zao wakati wenzao wakifanya mazoezi. Kwa maneno mengine, saa zilichukuliwa kwa wote na kupewa wale waliozihitaji kidogo kuliko wengine, nao wakazitumia kukariri kama kasuku.

Bodi ya idara ilikutana mara kadhaa juu ya suala hili, na vikao havikuwa vya amani. Mhadhiri mmoja wa Kifaransa alitaka wiki ifutwe kabisa. Mwenzake wa Kichina alipinga kwa sababu yenye msingi: mashindano ya kimataifa ya Daraja la Kichina kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, yanayofanyika tangu mwaka 2002, huwataka washiriki watoe hotuba na kuonyesha kipaji, na kwa wanafunzi wake maonyesho ya idara yalikuwa mahali pekee pa kujipima kabla ya mchujo. Kufuta wiki kungewafungia mlango wa ufadhili wa masomo. Mkuu wa kitivo naye aliweka wazi kwamba chuo hakingekubali kuipoteza shughuli inayoleta wageni.

Maamuzi na sababu zake

Njia tatu ziliwekwa mezani: kufuta, kuhamishia shughuli yote kwenye vilabu vya lugha nje ya saa za darasa, au kuiingiza ndani ya kozi kwa namna nyingine. Ya pili ilivutia kwa kuwa ilirudisha saa mara moja. Iliachwa kwa sababu vilabu huhudhuriwa na wale wale hodari, na wanafunzi wanaoishi mbali na chuo wangekosa kabisa. Bodi ilichagua ya tatu, ikachukua kipande kimoja cha ya pili: nyimbo, ngoma, maigizo na hotuba zilihamia vilabuni kwa hiari ya mwanafunzi, na darasani zikabaki saa nne tu za maandalizi, nazo za kazi ya aina nyingine.

Kazi hiyo ilikuwa hivi. Kila mwanafunzi, awe hodari au dhaifu, alipaswa kufanya jambo moja kwenye maonyesho kwa lugha anayojifunza, akizungumza na mtu asiyemfahamu, na jambo hilo lilihesabiwa asilimia 15 ya alama za tathmini endelevu. Wa ngazi ya A1 waliandikisha wageni: kuuliza jina na kutaka liendelezwe herufi kwa herufi, kuuliza anakotoka na lugha anazozungumza, kujaza kadi. Wa A2 walimwongoza mgeni kutoka meza hadi meza baada ya kumuuliza anapendelea kuona nini. Wanafunzi waliokuwa wakikaribia B1 walikaa kati ya mtu anayezungumza lugha ya kigeni tu na mtu asiyeijua kabisa, wakapitisha ujumbe pande zote mbili. Kazi hii ya mwisho ilitokana na nyongeza ya mfumo wa Baraza la Ulaya iliyokamilishwa mwaka 2020, ambayo imetoa maelezo ya kina ya uwezo wa mtu kuwa kiungo kati ya watu wasioelewana, jambo ambalo toleo la mwaka 2001 liligusia tu.

Vigezo vya kusahihisha navyo vilibadilishwa. Kwanza ilitazamwa kama kazi ilikamilika. Pili, mwanafunzi alifanya nini aliposhindwa kuelewa au kueleweka. Usahihi wa sarufi ulikuja mwisho. Walimu wakongwe hawakulipenda hilo. Hoja iliyowashawishi, angalau kwa muda, ilitoka kwenye utafiti wa miaka ya 1980 wa Merrill Swain, mtaalamu wa ujifunzaji wa lugha ya pili, kuhusu watoto wa Kanada waliosomeshwa sehemu kubwa ya masomo yao kwa Kifaransa: walielewa karibu sawa na wenzao wenye lugha, lakini katika kuzungumza na kuandika walibaki nyuma hata baada ya miaka mingi, na maelezo yake yakawa kwamba hawakulazimishwa vya kutosha kutoa lugha yao wenyewe ili waeleweke. Mwanafunzi wa bango la ufundi alikuwa ametoa maneno mengi. Hakuwa amelazimishwa kutoa lake hata moja.

Uamuzi wa mwisho ulihusu kijitabu cha kozi. Mkuu wa idara alipendekeza ahadi ya B1 ibaki kwa programu ya shahada ya Kifaransa pekee, Kifaransa na Kijerumani cha hiari viahidi A2, na Kiarabu na Kichina viahidi A1 imara na msingi wa A2. Bodi ya kitivo iliogopa kwamba wanafunzi wangekimbia. Baada ya mvutano ilikubali mabadiliko kwa Kifaransa na Kijerumani, ikaahirisha mengine. Ni uamuzi wa ajabu kidogo, kwa kuwa uliziacha zile lugha mbili ngumu zaidi zikiahidi makubwa zaidi.

Matokeo

Maonyesho ya kwanza ya mtindo mpya yalikuwa na vurugu. Kwenye mlango palikuwa na wanafunzi wengi wa A1 kuliko wageni, na kila mmoja alihitaji mtu wa kumwandikisha ili apate alama. Wageni wakajikuta wakiulizwa maswali yale yale matano na vijana tofauti, na foleni ikafika nje ya ukumbi. Kadi chache zilirudi zikiwa na majina ya wafalme waliofariki zamani. Ni vigumu kuwalaumu walioziandika.

Kwenye Kiarabu kilitokea kikwazo ambacho waandaaji hawakukitazamia, ingawa kila mwalimu wa lugha hiyo anakijua. Kozi ilifundisha Kiarabu sanifu, na wageni waliokuja walizungumza lahaja za kwao kama wanavyozungumza siku zote. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuambulia kitu. Wageni walipoombwa katikati ya shughuli watumie Kiarabu sanifu, walikubali kwa heshima, lakini mazungumzo yakageuka kuwa kama taarifa ya habari, na urahisi uliokusudiwa ukapotea.

Yapo yaliyokwenda vizuri. Kwenye meza ya Kifaransa, mwanafunzi wa muhula wa kwanza alikuwa akiandika namba ya simu ya mgeni kutoka Ubelgiji, ambako 70 na 90 hazitamkwi kama kitabu chake kilivyomfundisha. Alisimama. Aliomba irudiwe, ikarudiwa, akaomba tena polepole, kisha akaandika tarakimu alizodhani amesikia na kumgeuzia mgeni karatasi athibitishe. Zilikuwa sahihi. Kwa vigezo vya zamani kusita kule kungempunguzia alama; kwa vigezo vipya alipata karibu zote, na zilikuwa haki yake.

Katika mtihani wa kuzungumza wa mwisho wa muhula, wanafunzi wa Kifaransa na Kijerumani walistahimili maswali ya ghafla kuliko wa miaka iliyotangulia. Walikosea, lakini waliendelea. Kwa Kichina tofauti ilikuwa ndogo, na kwa Kiarabu haikuonekana. Watazamaji walipungua, kwa kuwa ukumbi wa watu wanaozungumza wawili wawili hauna mvuto wa jukwaa, na mfadhili mmoja aliacha kuleta vikombe vya washindi akieleza kwamba haoni mashindano ya kuyazawadia. Klabu ya Kichina iliendelea na hotuba zake jioni, na washiriki wake walikwenda kwenye mchujo kama kawaida.

Alama zenyewe zilikuwa tatizo. Walimu walisahihisha makumi ya wanafunzi kwa siku mbili wakiwa wamesimama, na kadiri walivyochoka ndivyo alama zilivyokaribiana, hata ikawa vigumu kumtofautisha aliyefanya kazi na aliyehudhuria tu.

Uchambuzi

Lililofaa zaidi lilikuwa kumpa kila mwanafunzi mtu mbele yake ambaye anahitaji jibu. Darasani mwalimu anajua jibu kabla ya kuuliza, na mwanafunzi anajua kwamba mwalimu anajua. Mgeni aliyesimama na kadi mkononi hajui, na kutojua kwake ndiko kunakoifanya lugha iwe na kazi. Mgawanyo wa kazi kwa ngazi nao ulikuwa wa busara, kwa kuwa uliondoa dhana kwamba anayeanza hana la kufanya isipokuwa kuimba kwa pamoja.

Inapasa hata hivyo kuwa mwangalifu katika kugawa sifa. Idara ilibadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja: ilirudisha saa zilizokuwa zimemezwa na mazoezi, na ilileta kazi mpya. Nafuu iliyoonekana kwenye mitihani inaweza kuwa imetoka kwa lolote kati ya hayo, au kwa yote mawili. Kama idara ingeanza na sehemu moja tu, tuseme Kijerumani, na kuziacha nyingine zirudishiwe saa bila kazi ya maonyesho, leo kungekuwa na la kulinganisha. Kwa idara yoyote inayofikiria hatua kama hii, huo ndio mpangilio ambao mwandishi angeupendekeza, hata kama unachelewesha mambo kwa mwaka mzima.

Kosa la kwenye foleni lilikuwa la hesabu tu na lilirekebishika: mwaka uliofuata wanafunzi wa A1 waligawanywa katika siku tatu, na baadhi wakaandikisha wanafunzi wa kubadilishana siku za kawaida bila kungoja maonyesho. Kosa la Kiarabu lilikuwa la aina nyingine. Liliibuka kwa sababu mpango mmoja ulinakiliwa kwa lugha zote nne, tabia ile ile iliyozaa ahadi ya B1 kwa wote. Sehemu ya Kiarabu ilijitengenezea njia yake baadaye: wa mwaka wa kwanza walizungumza na wanafunzi wa mwaka wa juu kwa Kiarabu sanifu, na wa mwaka wa pili walipewa, kabla ya kukutana na wageni, maneno machache ya kuulizia ya lahaja moja iliyochaguliwa kulingana na wageni waliotarajiwa. Inastahili kusemwa kwamba njia hiyo ilibuniwa na mhadhiri msaidizi ambaye hakuwa na kiti katika bodi iliyopitisha mpango wa kwanza.

Kuhusu utamaduni wenyewe, ambao ndio uliobeba jina la wiki, mabadiliko yalileta faida isiyokusudiwa. Mabango ya zamani yalionyesha kila nchi kama kitu kimoja kilichokamilika. Mazungumzo hayakuruhusu hilo. Wageni wawili wanaozungumza Kifaransa, mmoja kutoka Ulaya na mwingine kutoka Afrika Magharibi, waliulizwa swali lile lile kuhusu shule walizosoma wakatoa majibu yasiyofanana hata kidogo, na mwanafunzi aliyekuwa katikati yao akalazimika kuyapeleka yote mawili kwa msikilizaji wake bila kuamua lipi ndilo la Kifaransa. Hakuna bango lililowahi kumfundisha hivyo. Upande wa pili, jukwaa lilikuwa na thamani ambayo bodi iliidharau mapema mno: wanafunzi kadhaa walisema walijiandikisha kwa sababu ya igizo waliloliona mwaka uliotangulia. Idara inayoondoa kivutio inapaswa kujua itawapata wapi wanafunzi wa ngazi ya kwanza, na hii haikuwa imelifikiria.

Suala la usahihishaji bado linasumbua. Kurekodi mazungumzo kwa simu na kuyasahihisha kwa utulivu kulijaribiwa na sehemu ya Kijerumani, na alama zilitofautiana vizuri zaidi, ila kazi iliongezeka karibu maradufu na ridhaa ya wageni ilipaswa kuombwa kwa maandishi. Sehemu nyingine zilipendelea kupunguza uzito wa kazi kutoka asilimia 15 hadi 10 na kutoa alama tatu tu: haikukamilika, ilikamilika, ilikamilika vizuri. Mwandishi anaona njia ya pili ni ya haki zaidi kwa walimu waliopo, kwa sharti kwamba mtihani wa mwisho wa kuzungumza uwe na swali lisiloandaliwa kwa kila mtahiniwa. Wanafunzi wa jioni, ambao hulipa ada na hawawezi kuacha kazi zao mchana, hawajaingizwa katika mpango wowote kati ya hiyo miwili, na pendekezo la Kiarabu na Kichina kuhusu kijitabu cha kozi limerudishwa tena kwenye ajenda ya bodi ya kitivo.